Kikosi cha Ndege Kilichotembea kwa Miguu

Januari 2025, katika bustani kongwe iliyo katikati ya Cape Town, ilizinduliwa kumbukumbu ya Waafrika Kusini Weusi waliolitumikia jeshi kwa kazi za mikono katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakafa, na makaburi yao hayajulikani yalipo. Ni nguzo za mbao ya mvule, na kila nguzo imebeba jina la mtu mmoja na tarehe aliyokufa. Majina yamepita 1,700. Walioijenga ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ile ile ambayo mwaka 2021 ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Habari ya uzinduzi huo ilipokewa vizuri, lakini naona ilieleweka nusu. Imesomwa kama habari ya wachimba mitaro na wabeba mizigo ambao hatimaye wamepewa haki yao kando, huku historia nyingine ya fahari, ile ya kikosi cha kwanza cha ndege za kivita cha Afrika Kusini, ikiendelea kusimuliwa kivyake kama hadithi ya vijana sita waliojifunza kuruka. Kwangu mimi hiyo ni historia moja. Kikosi kile kilizaliwa na sheria ile ile iliyowaweka Weusi mbali na bunduki, na kilipofika kwetu Afrika Mashariki kiliishi kwa vichwa na mabega ya watu ambao leo hata nguzo moja hawana. Tukikisimulia bila wao, hatutaelewa ni wapi kilifaa na ni wapi kilishindwa.

Tuanze na sheria. Mwaka 1912 Bunge la Muungano wa Afrika Kusini lilipitisha Sheria ya Ulinzi iliyounda jeshi jipya la nchi, na ndani ya mpango huo ikatengwa nafasi ya kikosi cha urubani. Waziri wa Ulinzi alikuwa Jan Smuts, jina tutakalokutana nalo tena na tena. Sheria hiyo iliweka wajibu wa utumishi wa kijeshi kwa watu wenye asili ya Ulaya, na wengine wote wakaachwa nje hadi Bunge litakapoamua vinginevyo. Mwaka huo huo Jenerali Christiaan Beyers alitumwa Ulaya kutazama mazoezi ya majeshi ya huko, akarudi akishauri kwamba ndege zina kazi vitani. Mwaka 1913 vijana kumi wakapelekwa kwenye shule ya urubani ya Cecil Compton Paterson huko Alexandersfontein, karibu na Kimberley, na sita kati yao wakaenda kumalizia mafunzo Upavon, Uingereza, mwaka 1914. Miongoni mwao walikuwa Kenneth van der Spuy na Gerard Wallace. Vita vilipoanza Agosti mwaka huo, Uingereza iliwachukua vijana hao katika kikosi chake cha anga. Beyers naye alijiuzulu kwa kupinga uvamizi wa koloni la Wajerumani la Kusini-Magharibi, akaingia katika uasi wa Maburu (Wazungu wa huko wenye asili ya Uholanzi), akazama katika mto Vaal Desemba 1914. Mtu aliyelishauri jeshi lipate mabawa alikufa akilikimbia jeshi hilo hilo. Nalitaja hilo kwa sababu masimulizi ya fahari hupenda mstari ulionyooka, na mwanzo wa kikosi hiki haukunyooka hata kidogo.

Kikosi chenyewe kiliundwa rasmi Januari 1915, chini ya Kapteni Wallace, kwa ajili ya vita vya nchi ambayo leo ni Namibia. Ndege zilizoagizwa zilikuwa za Henri Farman zenye fremu za chuma, kwa kuwa mbao hukauka na kupinda katika joto la jangwa. Zilishushwa Walvis Bay, na zilipoanza kazi Mei 1915 jeshi la Louis Botha, Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, lilikuwa karibu kabisa na Windhoek. Wajerumani wa huko, kwa kweli, walikuwa wamewatangulia: walikuwa na ndege chache tangu kabla ya vita, na walishaangusha mabomu juu ya kambi za Waafrika Kusini. Julai 9 Wajerumani wakasalimu amri huko Khorab. Miezi miwili ya kuruka, basi. Wakati huo huo Weusi zaidi ya 30,000 walikuwa wametumika katika kampeni hiyo bila silaha, wakitandika reli, wakipakua meli na kuendesha mikokoteni. Majangwani kule ndege haikuwa na maji wala petroli isipokuwa vile vilivyofika kwa reli hiyo, na kila ilikotua ilitua mahali palipofikiwa kwanza na mtu mwenye sururu.

Baada ya Namibia, marubani hao walikusanywa tena Uingereza, na Oktoba 1915 wakawa kiini cha Skwadroni ya 26 ya kikosi cha anga cha Uingereza, iliyopewa jina la Afrika Kusini mabanoni. Mwishoni mwa Januari 1916 ilishuka Mombasa, ikapanda reli hadi Mbuyuni, kwenye uwanda mkavu kati ya Voi na Taveta, ikiwa na ndege za BE2c na Henri Farman. Nimepita Mbuyuni kwa basi zaidi ya mara moja, Kilimanjaro ikiwa mbele yangu, na miaka yote ya shule hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba vita vya anga vilifunguliwa kiwanja pale. Kutoka hapo skwadroni ililifuata jeshi la Smuts, ambaye sasa alikuwa jenerali mkuu wa kampeni: Moshi, kisha kusini hadi Morogoro iliyotekwa Agosti 1916, kisha Dar es Salaam iliyotekwa mwanzoni mwa Septemba. Ilibaki Afrika Mashariki hadi mwanzoni mwa 1918.

Je, ilikuwa na maana yoyote? Wanaokitetea kikosi wana hoja, na hoja yao bora inatoka Rufiji, ingawa marubani wa huko walikuwa wa jeshi la majini la Uingereza. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar Septemba 1914, ilijificha ndani ya delta ambamo meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia. Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekuwa Durban na ndege ya kutua majini, alikodiwa Novemba, akaiona, na Desemba akaanguka mtoni na kutekwa. Baadaye Waingereza waliiteka Mafia, wakasafisha kiwanja kisiwani, wakaleta ndege za kuruka kutoka nchi kavu. Julai 6, 1915 manowari ndogo Severn na Mersey zilijaribu kuipiga zikashindwa. Julai 11 zilirudi, na safari hii rubani John Cull na mwenzake Arnold, juu angani, walielekeza mizinga kombora baada ya kombora. Ndege yao ilipopigwa na kuanza kushuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho hadi walipotumbukia mtoni, wakaokolewa. Königsberg ilikwisha siku hiyo. Bila macho yale ya angani, mizinga ingekuwa inapiga mikoko. Kule ziwani Tanganyika nako, Wabelgiji walileta kutoka upande wa Kongo ndege nne za kuelea majini, zikiwa ndani ya makasha, na katikati ya 1916 zikaishambulia Kigoma, maskani ya meli Graf von Götzen ambayo wasafiri wa ziwa hilo wanaijua kwa jina la MV Liemba.

Hoja hiyo ni ya kweli na sina nia ya kuipunguza. Tofauti ni kwamba meli iliyonasa kwenye mto, au iliyofunga bandarini, ni kitu kikubwa kimoja kisichoweza kujificha chini ya mti. Kikosi cha Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, kilikuwa kitu kingine. Februari 12, 1916, siku chache tu baada ya skwadroni kufika Mbuyuni, askari wa miguu wa Afrika Kusini waliushambulia mlima wa Salaita, usio mbali na kiwanja hicho. Makadirio yalisema adui ni kama 300. Walikuwa zaidi ya 1,000. Mizinga ilikiponda kilele, kumbe mahandaki yalikuwa chini, kwenye tako la mlima, yamefichwa na kichaka. Waafrika Kusini wakarudi nyuma kwa haraka, na Wabaluchi wa jeshi la India ndio waliowakinga. Hiyo ndiyo sura ya vita vyote vilivyofuata. Askari anayepita kwenye miombo haonekani kutoka mita elfu moja angani, na njia zilizo kwenye ramani ya rubani si njia anazopita mtu aliyezaliwa huko. Ongeza injini dhaifu ya nguvu za farasi 90 inayohema katika hewa ya joto, ongeza malaria na kuhara damu, magonjwa ambayo miezi ya mwisho ya 1916 yaliwaondoa zaidi ya watu 12,000 katika jeshi la Smuts na kuwarudisha kwao. Skwadroni ya 26 ilirudi Uingereza na kuvunjwa Julai 1918. Lettow-Vorbeck alikuwa bado porini, akipigana. Alisalimu amri Novemba 25, 1918, huko ambako leo ni Mbala, Zambia, na alifanya hivyo kwa sababu vita vilikuwa vimekwisha Ulaya.

Kuna pia wanaodai kwamba uzoefu wa Afrika Mashariki ndio uliompa Smuts wazo la jeshi la anga linalojitegemea, kwa kuwa ripoti yake ya Agosti 1917 ndiyo iliyofungua njia ya kuundwa kwa RAF, jeshi la anga la Uingereza, Aprili 1918. Dai hilo linavutia, ila linapita kando ya sababu iliyo wazi zaidi: ripoti ile iliagizwa baada ya ndege za Wajerumani kuishambulia London mchana kweupe katika kiangazi cha 1917. London ilikuwa inalia, na wakubwa wakasikia.

Sasa tuje kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayotawala. Inasema kwamba rubani alikuwa mpiganaji na mpagazi alikuwa kibarua, kwa hiyo kila mmoja ana kumbukumbu yake mahali pake, na kuwachanganya ni kupotosha historia. Ndege, baada ya yote, hujibeba kwa mabawa yake. Anayesema hivyo hajafanya hesabu. Injini ya BE2c ilikunywa lita zinazokaribia arobaini kwa saa, yaani zaidi ya madebe mawili, kwa kipimo cha debe ambalo mama zetu wamepimia mahindi sokoni kwa miaka mingi, na ambalo lilianza maisha yake kama kopo la mafuta. Madebe mawili ya petroli yanatimiza kilo 25 na zaidi kidogo, na huo ndio uliokuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Saa moja angani ni mzigo wa kichwa kimoja, hata kabla hujaweka mabomu, turubai, mbao za akiba, oili na chakula cha mafundi. Mpagazi naye hula. Kwa kilo moja ya posho kwa siku, safari ya siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi inamaliza uzito wa mzigo wake mwenyewe, hivyo nyuma ya kila mbeba petroli lazima awepo mbeba unga.

Nitajibiwa kwamba skwadroni ilikuwa na malori, na kwamba kulikuwa na reli. Ni kweli, na pale penye reli na barabara kavu malori yalifanya kazi kubwa. Lakini malori hayo yalipita kwenye barabara zilizokatwa na nani? Mvua zilipokuja, hasa zile kubwa za mwanzoni mwa 1917 zilizofurisha bonde la Rufiji, magurudumu yalizama na kazi ikarudi vichwani. Viwanja vyenyewe, kuanzia Mafia, havikujisafisha: kila kisiki kilichong'olewa ili gurudumu lisivunjike kiling'olewa na mikono ya wenyeji. Wajerumani walijaribu kuikwepa hesabu hii. Novemba 1917 walirusha kutoka Bulgaria puto lao kubwa la vita, L59, likiwa na takriban tani 15 za dawa, risasi na vifaa vya Lettow-Vorbeck. Lilisafiri saa 95, likageuzwa juu ya Sudan, likarudi lilikotoka bila kumfikia mtu. Tani 15 ni mizigo ya wapagazi 600, na katika vita vile wapagazi 600 walikuwa msafara wa kawaida. Hata Königsberg, ambayo ndege zilisaidia kuiua, ilimwachia Lettow-Vorbeck mizinga kumi ambayo iliopolewa, ikawekwa magurudumu na kukokotwa nchi kavu kwa nguvu za watu. Ushindi mkubwa wa anga katika vita hivi ulizaa mzigo mpya wa mabega.

Upande wa Uingereza pekee uliandikisha watu wanaokaribia milioni moja kwa kazi hizi, na idadi yake yenyewe ya waliokufa inapita 95,000, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la jeshi hilo la wapagazi, Carrier Corps. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, inawataja kwa maandishi kama miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono, lakini si mtu hata mmoja kwa jina lake. Rubani aliyekufa kwa homa aliandikwa jina, cheo, tarehe na jina la mzazi. Mpagazi aliyemletea petroli, akafa kwa homa hiyo hiyo, aliandikwa kama tarakimu.

Hapo ndipo sheria ya 1912 inaporudi. Mgawanyo wa nani apewe mabawa na nani apewe mzigo ulikuwa umeshakatwa na bunge kabla risasi ya kwanza haijalia, na waliokuja kuandika makaburi miaka ya 1920 waliufuata ule ule. Ndege nazo zilikuja kuonyesha zimekusudiwa nani. Februari 1, 1920 Pierre van Ryneveld alikabidhiwa kazi ya kujenga jeshi jipya la anga la Afrika Kusini, kwa ndege zaidi ya 100 zilizotolewa na Uingereza kama zawadi. Mwaka 1922, Smuts akiwa Waziri Mkuu, ndege hizo zilitumwa kwanza kuwapiga wachimba migodi Wazungu waliogoma na kuasi Rand, eneo la migodi ya dhahabu la Johannesburg, mwezi Machi. Kisha, Mei na Juni, zikatumwa Namibia kuwapiga Wabondelswart, ukoo wa Wanama uliokuwa umegomea kodi ya mbwa. Takriban watu 100 waliuawa katika operesheni hiyo, na suala likafika hadi Shirikisho la Mataifa huko Geneva. Ni nchi ile ile ambako kikosi cha kwanza kilianzia mwaka 1915. Anayeadhimisha kuzaliwa kwa urubani wa kijeshi kusini mwa Afrika anapaswa kuyasoma matukio haya pamoja, kwa sababu waliyatenda watu wale wale, kwa miaka michache tu ya tofauti. Wala Afrika haikuwa ngeni kwa jambo hilo: bomu la kwanza kuangushwa kutoka kwenye ndege vitani liliangushwa na Mwitaliano huko Libya, Novemba 1911.

Sisemi haya kuwanyang'anya marubani ujasiri wao. Kuruka juu ya msitu usio na mahali pa kutua, na injini inayoweza kuzima wakati wowote, kulihitaji moyo, na aliyeanguka alitembea siku kadhaa porini kama hakufa. Lakini inafaa tuulize alitembea na nani, na nani alimwonyesha maji. Kazi inayofuata ni ya kumbukumbu za nyaraka, na watu wanaosema kwamba majina hayawezi kupatikana wameshajibiwa na zile nguzo za Cape Town, kwa maana majina yale 1,700 hayakushuka kutoka mbinguni. Yalitafutwa kwenye daftari na orodha za malipo. Daftari za namna hiyo ziliandikwa huku pia, wilaya kwa wilaya, kwa kuwa serikali za kikoloni zilihesabu mshahara na chakula cha kila kichwa. Tanzania na Kenya zinapaswa kuzidai zile zilizoko Uingereza na kuzifungua zile zilizoko kwao, na vyuo vikuu vyetu vipewe kazi hiyo badala ya kuisubiri Tume itufanyie.

Nami ningependa kazi ianze na viwanja vya ndege. Mbuyuni na Mafia zinafaa kuwa za kwanza, kwa kuwa tunajua miaka, tunajua ndege zilizotua, na marubani tunawajua kwa majina. Tuwaulize wazee wa Mafia ni ukoo gani uliitwa kukata minazi na kusawazisha uwanja mwaka 1915, na wale wa Taveta na Voi ni akina nani walibeba kutoka Mbuyuni wasirudi. Watu waliokuwa watoto wakati huo, wakaliita lile dude jipya ndege Ulaya, wamekwisha. Wajukuu wao bado wapo, na baadhi yao wamepewa majina ya mababu hao.